Mzee Aliyepita Getini

Asubuhi hiyo watu wa kijiwe cha Tirunesh walifika mapema kuliko kawaida, kila mmoja ana lake la kusema. Kijiwe chenyewe ni makreti matupu ya risasi yaliyogeuzwa viti, kwenye kona ambapo barabara ya Dire Gudo inachepuka kwenda kambi ya jeshi la anga. Tirunesh huweka jebena, birika lake la udongo la kahawa, juu ya mkaa na sinia la bisi pembeni, na maneno huja yenyewe. Jana alasiri king'ora cha kambi kililia, barabara ikafungwa, na jua lilipokuwa linazama mji mzima ulishajua: kuna mzee, kajifunika gabi, shuka lake jeupe, kama mzee mwingine yeyote, kapita geti kwa miguu yake mwenyewe na kwenda kukaa chini ya bawa la ndege ya vita.

Lemma, fundi wa majiko ambaye wote humwita Gashe kwa heshima ya umri, alikuwa amekaa kreti la mwisho, uso umeelekea upande wa kambi. Binti yake Birke ni askari huko. Zamu yake huanza mchana na kukesha, na kila akitoka asubuhi hupita hapo, akamsalimia baba yake, akanywa kikombe kimoja wima na kwenda kulala. Leo jua lilishapanda juu ya paa la msikiti na Birke hajapita. Kijiwe kizima kilidhani Birke bado anagawa vidonge katika zahanati ya kambi. Gashe Lemma peke yake ndiye aliyejua kwamba tangu mvua ziishe amehamishiwa getini.

– Walikuwa wamelala! alisema Koloneli, akiipiga kofi kofia yake ya kijeshi. Koloneli ni muuza nyama, jina lake Tefera, na kofia aliinunua sokoni. – Wamelala fofofo, wanakoroma. Mimi ningekuwa mkuu wa kambi, wote ningewavua viatu nikawatembeza mjini peku.

– Umewaona wamelala? aliuliza Tirunesh, akimimina duru ya kwanza.

– Sina haja ya kuwaona. Mlinzi mwenye macho anapitwa na mzee wa miaka themanini? Si kuku yule, dada, ni mtu mzima na fimbo yake!

– Hawakulala, alisema Dokta, ambaye huuza dawa za mifugo na hakuna ugonjwa asioujua. – Walilazwa. Hapo kuna mtu katia kitu kwenye chai yao. Mimi ninayo dawa dukani, ukimpa nyumbu kijiko kimoja tu, unamkata kwato haamki.

– Kwa hiyo wamenunua kwako!

– Wee Koloneli, chunga mdomo! Nimesema mfano.

Bajaji ikafunga breki vumbi likiruka, na Redio akashuka kabla injini haijazima. Huyu ni Habte, dereva, ila jina hilo hata mama yake kalisahau. Gashe Lemma aliinuka nusu, kisha akaketi tena.

– Mko nyuma nyinyi, mko nyuma! alisema Redio. – Nimetoka huko sasa hivi. Walinzi wa zamu ile wamevuliwa mikanda na kamba za viatu, wamewekwa mahabusu. Binamu yangu anapeleka mboga kambini, kawaona kwa macho yake.

– Wangapi? aliuliza Gashe Lemma.

– Zamu nzima, Gashe. Na mmoja ni mwanamke. Huyo ndiye aliyekuwa getini mwenyewe! Ndiye aliyempitisha.

Kahawa ikamwagika kwenye goti la Gashe Lemma. Hakuhisi moto wake. Tirunesh alimtazama, akamtupia kitambaa.

– Mwanamke! Koloneli akacheka. – Basi kesi imekwisha. Kaambiwa «binti yangu, mguu unaniuma», kafungua geti na kiti akampa juu.

– Sikiliza kwanza, alisema Redio. – Yule si mzee. Watu wameshagundua. Ni kijana, tena kijana wa mazoezi. Ndevu za gundi. Chini ya gabi ana mashine ya kupiga picha, ndogo kama harage. Kakaa pale chini ya bawa anahesabu ndege, wao wanamwita «baba, baba».

– Katumwa na nani? aliuliza Dokta.

– Hilo ndilo watu wanaogopa kulitamka.

Wakatazama barabarani kila upande, kana kwamba aliyemtuma angetokea dukani kwa mshona viatu.

– Mimi nitawaambia lililo chini kabisa, alisema Koloneli, akishusha sauti mpaka wakainama. – Zile ndege ni za mbao.

– Acha zako!

– Za mbao, zimepakwa rangi! Nyinyi mmewahi kuziona zote zikiruka? Zinaruka mbili, zilezile, zinazunguka mlima zinarudi. Walinzi wanajua. Ndiyo maana hawajali. Wewe ungekesha ukilinda mbao?

– Na king'ora je? Kilimlilia nani?

– Kilitulilia sisi, ili tuamini!

Gashe Lemma alikuwa amesimama sasa. Alikwenda hadi ukingo wa barabara, akarudi, akakaa, akasimama tena. Kwa miezi yote hii alikuwa akiulinda mdomo wake. Aliogopa hiki hiki anachokisikia sasa. Hapa kijiweni, mlinzi wa geti ni mtu ambaye hana heri: akikukagua sana anajidai, akikuacha upite ni mzembe. Birke alipomwambia kahamishwa, alimjibu kwa neno moja tu, «sawa», na akaona uso wa binti yake ukiporomoka. Birke alikuwa ametaka kusikia zaidi ya hapo.

– Gashe, mbona unazunguka kama kuku anayetaka kutaga? aliuliza Redio. – Kaa bwana. Birke wako si yuko zahanati? Yeye hayamhusu.

– Nanyoosha miguu tu.

– Lakini mwaka ule, alisema Tirunesh, akipuliza mkaa, – mwaka ule yule mtoto Chaltu alipopigwa risasi ya mguu akiokota kuni karibu na ua wa kambi, mlikaa hapo hapo mlipo. Mkasema walinzi wale ni mbwa wenye kichaa, wanafyatua kabla ya kuuliza. Wewe Dokta ulimbeba yule mtoto mgongoni huku unalia.

– Nililia, ndiyo, alisema Dokta.

– Sasa hawakufyatua, mnasema wamelala.

– Hilo jingine, alisema Koloneli.

– Jingine vipi?

– Jingine, dada! Mimina kahawa.

Alikuwa anamimina duru ya pili mwanamke mgeni alipotokea upande wa mashamba. Viatu vyake vya plastiki vilikuwa vyeupe kwa vumbi, na mgongoni alibeba mkate mkubwa wa dabo, umefungwa kwa kitambaa, bado unanukia majani uliookewa ndani yake. Alisalimia kwa kuinama. Wote wakajiinua kidogo kwenye makreti kumpokea, na Tirunesh akampa nafasi.

– Naitwa Jifare, alisema. – Natoka ng'ambo ya uwanja wa ndege. Natafuta nyumbani kwa yule binti wa getini. Nimeambiwa kwao ni mji huu, ila jina lake silijui.

– Binti yupi? aliuliza Redio, ingawa alishajua. Shingo yake ilirefuka.

– Aliyekuwa zamu jana. Yule mzee ni baba mkwe wangu.

Koloneli alisogeza kreti lake karibu.

– Mzee kweli? Au...

– Kweli vipi?

– Ndevu zake, alisema Redio. – Ni zake?

Jifare alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

– Abba Tolcha ana miaka themanini na kitu, akili yake sasa inakuja na kuondoka. Pale zinapolala ndege palikuwa shamba lake. Lilichukuliwa zamani, njia ya ndege iliporefushwa. Akili ikiondoka, anataka kwenda kufungua ng'ombe wake wa kulimia, anasema wameachwa na nira shingoni. Jana nilikuwa kisimani. Niliporudi, hayupo.

– Na getini ilikuwaje? Gashe Lemma aliuliza.

– Mkuu wao alinieleza, jana usiku walipomrudisha kwa gari. Walimwambia simama, hakusimama. Hasikii vizuri. Tena mkono wake ulikuwa ndani ya gabi, maana huwa anashika kidonda cha tumbo. Kijana mmoja wa lindo akakoki bunduki. Yule binti akausukuma mtutu chini, akaenda mbele ya mzee, akamuuliza, «Baba, unakwenda wapi?» Akamjibu, «Kuwafungua ng'ombe.» Akamshika mkono kumgeuza, mzee akapiga kelele na kujirusha. Basi binti akavua bunduki yake, akampa mwenzake, akamfuata mikono mitupu. Alikuwa anazungumza naye njia nzima. Wakafika chini ya ile ndege, mzee akachoka, akakaa. Binti akakaa naye. King'ora kilipolia, yeye ndiye aliyemziba masikio.

Bisi zilikuwa zinapoa. Koloneli aliivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

– Sikatai, mama, alisema taratibu. – Umefanya vizuri kuja. Lakini jeshi ni jeshi. Kanuni inasema mtu asiposimama, apigwe risasi. Leo ni mzee, kesho atakuja mwenye bomu ndani ya gabi. Kuacha lindo, kutoa silaha, hayo ni makosa makubwa. Hata mimi nisiye...

– Wewe ungempiga?

Jifare aliuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. Koloneli alifungua mdomo. Akamtazama Dokta, Dokta akatazama miguu yake. Redio, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu aote meno, alianza kufuta kioo cha bajaji kwa mkono wa shati.

– Nauliza tu, alisema Jifare. – Ungempiga?

Koloneli aliivua kofia tena, akaiweka gotini.

– Anaitwa Birke, alisema Gashe Lemma. – Birke Lemma. Ni mwanangu.

Alisimama wima akiwa amelisema hilo, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo miguu yake ilitulia. Redio aligeuka kutoka kwenye kioo.

– Gashe! Na sisi tulivyosema...

– Nimesikia mlivyosema. Washa bajaji.

Walijipanga wanne ndani yake, mkate magotini mwa Jifare, Koloneli kakalia ukingo nusu mwili nje. Hakuna aliyemwalika, na hakuna aliyemshusha. Dokta alibaki na Tirunesh. Njiani Gashe Lemma alikuwa akilipindua lile neno lake, «sawa», akitafuta angeweka nini mahali pake.

Getini Redio alizima injini mbali, kama ilivyoandikwa kwenye kibao. Mlinzi alikuwa kijana mdogo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, bunduki kaishika kwa mikono miwili.

– Simama hapo! Mnamtaka nani?

Gashe Lemma alisimama, akainua mikono.

– Namtaka mlinzi wa geti hili, alisema kwa nguvu, hata walioko nyuma wakasikia. – Binti yangu.

Uso wa kijana ulibadilika. Aliita ndani kwa simu ya ukutani, akasikiliza, akaweka chini.

– Mkuu kamaliza naye, baba. Kapokonywa tepe moja, kwa kuacha lindo na kutoa silaha.

– Na kazi?

– Geti kaachiwa. Mkuu kasema atakayemtoa hapa hajazaliwa. Alikuwa anafoka huku anasema hivyo, hatukujua kama tucheke.

Birke alitoka baada ya muda, kamba za viatu mkononi, doa jeusi kwenye mkono wa shati palipokuwa na tepe. Alipomwona baba yake alisita, kama anayengoja kupigwa. Gashe Lemma alimshika mabega yote mawili.

– Zamu yako, alisema mwishowe, – uliishika vizuri.

Birke alilia hapo hapo, mbele ya geti, bila kuziba uso. Kisha akamwona Jifare, akajifuta haraka.

– Mzee alilala?

– Alilala. Asubuhi kaamka ananiuliza, yule binti aliyenisaidia kutafuta ng'ombe kaenda wapi?

Jifare aliufungua mkate juu ya ukuta mfupi wa lindo. Birke hakuwa amekula tangu jana, akakata kipande. Lakini hakukipeleka kinywani mwake. Aligeuka kwa yule kijana mwenye macho mekundu. Ndiye aliyekoki bunduki jana. Mkanda walimrudishia alfajiri na kumsimamisha tena hapo, kwa kuwa alifuata kanuni, na tangu hapo alikuwa hajaweza kumtazama mtu usoni. Mikono yake isingeweza kuiacha bunduki.

– Fungua mdomo, alisema Birke.

– Niko zamu.

– Fungua.

Kijana akafungua, na Birke akamlisha kwa mkono wake, kama mtu anavyomlisha ndugu yake.