Mama Pingamizi Alikuwa Upande wa Nani?

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka wakili wa akina mama, yule tuliyezoea kumwita Mama Pingamizi. Alizikwa Jumamosi. Aliwatetea bure akina mama waliogombania watoto mahakamani, na wengi wao walitoka ofisini kwake wamemnunia.

Mshonaji mmoja ametusimulia. Mumewe waliyeachana naye alifungua kesi amchukue binti yao wa miaka sita. Mshonaji akaenda kwa Mama Pingamizi akitafuta ahueni. Wakili akakunja nne, akamwambia, "Leo mimi ni wakili wa mumeo. Mwanao alikaa kwa dada yako miezi miwili. Mama gani wewe?"

Mshonaji alidhani ni utani. Haukuwa utani. Kila akifungua mdomo, anakatizwa. Alitoka analia, akisema moyoni kikulacho ki nguoni mwako, huyu kashanunuliwa. Akarudi wiki iliyofuata kwa kuwa hakuwa na wakili mwingine. Akachambuliwa tena kama karanga.

Kesi ikiwa imekaribia, Mama Pingamizi akafariki ghafla. Ni moyo, wasikilizaji.

"Nilikuwa bado nimemkasirikia," anasema mshonaji. "Sasa unamliliaje mtu uliyemnunia?"

Akaingia mahakamani peke yake. Wakili wa mumewe akamuuliza kuhusu ile miezi miwili kwa dada. Aliuliza kwa upole, karibu amwombe radhi. Mshonaji akajibu bila kutetereka: alikuwa amelazwa hospitali, na kila Jumapili mtoto aliletwa kumwona. Wakili akafunga faili lake, akaketi. Hakimu akaamua mtoto abaki na mama, baba awe anamtembelea.

Kutoka hapo mshonaji akaenda moja kwa moja msibani, kamshika mtoto mkono. Hakujua kama amekuja kushukuru au kulalamika. Akamuuliza dada wa marehemu, "Hivi alikuwa upande wangu kweli?"

Dada akacheka huku machozi yanamtoka. "Mdogo wangu, hata sisi tulikuwa hatumwelewi. Ukisema chai ina sukari nyingi, yeye anasema haina. Lakini jioni ile ya mwisho alinilazimisha mimi niwe wakili wa baba wa huyu mtoto, yeye akawa wewe. Nilipomuuliza ni mama gani yeye, alilia mpaka nikamwomba tuache."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole dada yake na jamaa wote. Nawe uliyemnunia mtu kwa maneno yake makali, mfuate leo, muulize alikuwa anakuandalia nini. Mshonaji bado ana maswali, na wa kumuuliza hayupo.