Roswitha Kögler, Aliyepima Maji ya Lohmsdorf (1938–2011)

Shangazi yetu, marehemu Roswitha Kögler, alizaliwa tarehe 4 Machi 1938 hapa Lohmsdorf, jimbo la Thuringia, Ujerumani, mtoto wa tatu wa Ewald na Frieda Zschach. Baba yake alichimba madini ya urani, akafa akiwa na miaka arobaini na sita, mapafu yamekwisha.

Alisoma hapa, kisha mjini Gera, akahitimu ufundi wa maabara mwaka 1957. Aliajiriwa na serikali ya Ujerumani Mashariki kupima maji ya kunywa ya wilaya.

Mwaka 1961 aliolewa na Gotthold, mwoka mikate. Siku ya kwanza ukweni aliuliza maji ya chai yametoka wapi. Mama mkwe alinuna wiki nzima.

Mei 1984 alipima kisima cha kijiji. Akarudia mara tatu: mikrogramu 140 za urani kwa lita, kiwango cha hatari.

"Andika 'kawaida'," mkuu wake alimwambia.

"Kawaida kwa nani? Wewe unakunywa maji ya chupa."

"Roswitha, una watoto."

"Ninao. Nao wanakunywa hapo."

Alishushwa cheo, akawa mwosha vyombo vya maabara. Kila mwezi, wenzake wakienda kula, alipima tena. Desemba 1987 alibandika namba hiyo kwenye ubao wa kanisa hili, na jina lake kamili chini. Wanaume wawili wa usalama wa taifa walifika dukani kwa Gotthold kuuliza nani kaandika.

"Jina si mmeliona?" akawajibu. "Lina herufi kubwa."

Roswitha alifukuzwa kazi. Watoto wake walinyimwa chuo kikuu. Karatasi ilipong'olewa, alibandika nyingine. Mara kumi na moja.

Kisima kilifungwa Juni 1990, baada ya wapimaji wa serikali mpya kupata 138. Hakushangilia. Alisema, "Nilikosea kwa mbili."

Mwaka 2006 figo zake zilianza kushindwa. Daktari alisema haiwezekani kuthibitisha kwamba chanzo ni kisima.

"Basi andika hujui," akamwambia. "Usiandike 'hapana'."

Alifariki nyumbani tarehe 19 Oktoba 2011, saa nne asubuhi. Ameacha mume, Gotthold, watoto wawili, Uta na Jörg, na wajukuu wanne.

Mchungaji aliniomba niseme alikuwa mtu mpole. Hakuwa. Yeye apumzike kwa amani. Sisi tuliomwambia anyamaze, nami nikiwemo, tusipumzike upesi.