Mlango Mmoja Kwenye Uzio wa Bwawa

Mgeni rasmi, Mhandisi Paulina, msimamizi wa ukarabati wa bwawa letu. Viongozi wa kata ya Ruaha. Wazee wetu, shikamooni. Na majirani mliofika kutoka Kidodi:

Karibu kando ya maji. Kiti chako tumekigeuza kitazame bwawa, na baadaye utaona kwa nini.

Sisi ni watu tisa, wakulima wa miwa na wafanyabiashara wadogo. Tunajifunza kuteleza majini juu ya ubao wenye tanga, na hasa ile michezo yake: kuzunguka, kuligeuza tanga, kulipita chini. Tunajua si jambo lililozoeleka huku, mbali na bahari.

TULIKOANZIA

Ubao uliachwa na mgeni mmoja aliyekuja kupima kina cha maji. Alimwachia Mzee Lupakisyo, mlinzi wa pampu, naye akaufanya benchi. Tanga akafunikia mifuko ya mbolea. Miaka miwili watu waliukalia ubao ule wakila vitumbua anavyouza mwenzetu Agatha, na Agatha ndiye aliyeuliza siku moja, "Babu, hili tundu la katikati ni la nini?"

Hakuna aliyejua. Ndipo Evance, fundi simu, akatafuta video ya ubao kama huo.

TULIVYOJIFUNZA

Evance aliipunguza kasi ili tuone miguu inakwenda wapi. Mwanamke wa kwenye video analiachia tanga, anainama, linapita juu ya kichwa chake kama shuka linaloanikwa, kisha analidaka upande wa pili. Taratibu, kama mtu anayeota. Tukauweka ubao juu ya lundo la makapi ya miwa nyuma ya nyumba ya pampu, na Agatha akajifunza kwa mwendo huo huo, msimu mzima, akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne.

"Agatha, umeganda?" Mzee Lupakisyo alimwuliza. "Nikuletee kiti?"

"Niletee upepo, Babu."

Siku Evance aliporudisha kasi ya kawaida, mchezo mzima ulikwisha kufumba na kufumbua. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Agatha aliomba aione tena, kisha akasema, "Mimi nitakwenda na mwendo wangu." Tulipoingia majini tukagundua kwamba upepo wa hapa, kwa wepesi wake, unamruhusu.

Upepo huo tunausoma kwa majivu. Miwa ikichomwa jioni kabla ya kuvunwa, asubuhi majivu huwa yamelala juu ya maji, meusi, hayatikisiki. Karibu na saa tano huanza kutembea. Agatha huyatazama tu. Yakiufikia ule mti mkavu uliosimama majini, anapanda ubao. Hatuingii bila jaketi la kuelea, na afisa wanyamapori amekagua bwawa mara mbili, hakuona mamba.

CHANGAMOTO

Ya kwanza ni mguu wa kushoto wa Agatha. Mguu huo bado unakumbuka lundo. Kwenye hesabu ya tatu, tanga likiwa hewani na mikono haijashika kitu, mguu hurudi nyuma kutafuta makapi, na nyuma kuna maji. Ameanguka hivyo tangu Juni. Halalamiki. Anasema pale katikati pana kimya ambacho hajawahi kukisikia nchi kavu, na kila siku hukaa ndani yake kidogo zaidi kabla ya kuanguka.

Alhamisi iliyopita alifika nne, akalidaka tanga. Sisi wengine tulikuwa kazini. Shahidi alikuwa Mzee Lupakisyo peke yake.

"Babu, umeona?"

"Nilikuwa nawasha pampu, mjukuu wangu. Nilisikia tu kwamba hukuanguka."

Changamoto ya pili ni uzio ambao mafundi wako wataanza kuujenga Jumatatu. Hatuupingi. Ng'ombe wamezama hapa, na watoto wanaocheza ukingoni ni wetu. Lakini tumeutazama mchoro pale ofisi ya kata. Una mlango mmoja, upande wa pampu, ambako ukingo ni zege lenye mteremko mkali. Ubao haushuki pale.

OMBI

Tunaomba mlango wa pili, upande huu wa majani. Upana wa mita moja unatosha. Ubao tutaupitisha kiubavu. Ufunguo ukae kwa Mzee Lupakisyo, nasi tuingie pampu zikiwa zimezimwa tu.

Mgeni rasmi, Agatha hayumo kati yetu tuliosimama hapa. Ni yule pale, maji yamemfika magotini, ameushika ubao. Aliomba risala hii isisomwe haraka, na sasa majivu yanaukaribia mti.

Hatujui mguu wake utakumbuka nini leo. Akifika nne, wewe ndiye utakuwa shahidi wetu wa kwanza aliyeona kwa macho. Akianguka, ombi letu ni lile lile, kwa sababu kesho atataka kupanda tena.

Mungu akulinde wewe na mafundi wako, alijaze bwawa hili kwa kiasi chake, na akurudishe nyumbani salama.

Sasa tunanyamaza, utazame maji.

Ni sisi, Kikundi cha Ubao na Tanga, Ruaha.
Imesomwa na Ditram, katibu.