Aliyeulizwa ni Muriel

Benchi lile liko mbele ya iliyokuwa benki ya Ramsclough, hatua chache kutoka gari la chai la Bi. Noreen, na tangu benki ifunge milango limebaki ofisi pekee mjini ambako mtu anasikilizwa bila miadi. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu, yale ambayo watu wa huko hawayahesabu kuwa mvua, na wazee wawili walikuwa wameshawahi nafasi zao. Wa kwanza ni Desmond, aliyechezesha mechi za Jumapili mpaka magoti yakakataa, ndiyo maana akaitwa Kipenga. Wa pili ni Vernon, ambaye hana kitu asichokitilia dau, farasi, mbwa, hata uchaguzi, basi wakamwita Mkeka, kama ile karatasi ya dau. Nafasi ya katikati ilikuwa ya Cyril Ogden. Huyo ndiye Bunge, kwa sababu akishaanza siasa hakuna wa kumnyang'anya zamu. Uchaguzi mkuu ulikuwa Alhamisi ya wiki hiyohiyo, na kwa Cyril siku kama hizo ni sikukuu, lakini alikuja akiburuza miguu kama mtu aliyefukuzwa kwake. Na kweli alikuwa amefukuzwa.

— Mbona sura hiyo, Bunge? — aliuliza Kipenga. — Chama chako cha wekundu kimeshashindwa kabla ya kura?

— Nimetolewa nje ya nyumba yangu mwenyewe.

— Umemfanya nini tena shemeji?

— Sijamfanya kitu. Kaja mama mmoja ana kishikwambi mkononi na kitambulisho shingoni. Wale wa kura ya maoni, wanaopita wakiuliza watu watachagua nani.

Mkeka akaweka kikombe chini. Hao ndio watu anaowasoma kila asubuhi kabla ya kwenda kutia dau.

— Wamefika kwako? Na wewe umekaa hapa? Umemaliza kuwajibu haraka hivyo?

— Sijawajibu.

Bi. Noreen alichungulia kutoka dirisha la gari lake. Bunge aliyeulizwa siasa akanyamaza, hiyo ilikuwa habari.

Cyril alikoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. Roho ilimuuma kwelikweli. Maisha yake yote alingoja kuulizwa. Kila uchaguzi televisheni husema watu wameulizwa, elfu moja na ushee, na kila uchaguzi yeye hujiuliza watu hao wanaishi mtaa gani. Leo kengele imelia, kafungua mlango, kamwona yule mama, na moyo umemruka kama wa kijana. Majibu alikuwa nayo, yamepangwa, yana hata mifano.

— Akaniuliza, nyumba hii mko wangapi? Nikamwambia wawili. Akaniuliza, kati yenu ni nani ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo inayofuata?

— Anataka kuwaletea keki? — alisema Mkeka.

— Mimi nilidhani ni maongezi tu ya kuzoeana. Nikasema yangu imepita Machi, ya Muriel ni mwezi ujao. Akasema, basi, naomba nizungumze na mkeo.

Kipenga alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye koti.

— Ni kama kurusha sarafu kabla ya mechi, kaka. Umerushiwa, ukapoteza.

— Nikamwambia, mama, mke wangu siasa hazimo kichwani mwake, niulize mimi nitakujibia wote wawili. Muriel akatokea jikoni anafuta mikono. Akasema, Cyril, chukua kofia yako.

— Basi umekosa nini? — alisema Bi. Noreen. — Wewe mwekundu, yeye mwekundu. Majibu ni yaleyale.

Cyril alitazama ndani ya kikombe.

— Si ni mwekundu? — aliuliza Kipenga.

— Sijui.

Benchi zima likageuka kumtazama. Cyril alijitetea. Kila uchaguzi, alisema, huwa wanakwenda pamoja mpaka ukumbi wa kanisa kupiga kura, kila mmoja anaingia kwenye kijichumba chake, wanatoka, wananunua samaki na chipsi, wanarudi nyumbani. Hajawahi kumuuliza. Wote pale walimwelewa, maana kwao kumuuliza mtu kura yake ni kama kumuuliza uzito wake, na Muriel ni mtu ambaye hata uzito humuulizi.

— Lakini shemeji ni mwekundu tu, — alisema Kipenga. — Bango la wekundu si lilikuwa dirishani kwenu uchaguzi uliopita?

— Nililibandika mimi. Yeye akalivutia pazia. Alisema jua linachuja zulia.

— Jua gani, la Ramsclough hapa?

— Ndiyo maana nasema sijui.

Hapo Mkeka akajiweka sawa, akanyoosha koti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona farasi ambaye wengine hawajamwona.

— Njano, — alisema. — Shemeji ni wa njano. Yule mgombea wa njano alipopita kwenye mvua, nani alimkaribisha ndani? Akapewa chai, akapewa na kitambaa cha kufutia miwani.

— Chai anampa kila mtu, — alisema Bi. Noreen. — Mbwa wa mgombea wa bluu alipewa maji kwenye bakuli la kaure. Na mama yake Muriel, Mungu amrehemu, alikuwa bluu mpaka soksi. Huyo ni bluu, nakuambia. Damu haifichiki kwenye kijichumba.

— Noreen, wewe uza chai.

— Nauza, na nasema.

— Tena mimi nina jambo jingine, — alisema Kipenga, na sauti ikashuka kama anatoa siri ya serikali. — Bunge, ulishawahi kutuambia kwamba shemeji anakaa sana mle ndani. Wewe unatoka, unamngoja, mbwa wa watu wanakunusa miguu, yeye bado. Kutia alama kwenye kisanduku kimoja kunachukua muda wote huo?

— Anasahau miwani.

— Anaandika, bwana. Anawaandikia. Nyuma ya karatasi, habari za pipa la taka, habari za basi la jioni lililoondolewa. Kura yake inaharibika kila uchaguzi, na kuna karani mmoja pale ukumbini anayezisoma na kuzitunza.

— Acha zako, Kipenga.

— Sasa nambie, basi la jioni halikurudi?

Lilikuwa limerudi, kweli. Wote walilitafakari basi lile.

Mkeka ndiye aliyerudi kwenye kura, na alifanya kama wafanyavyo watu wa kamari, bila huruma na bila ubaya.

— Yote tisa. Tuchukue kwamba ni bluu, kama asemavyo Noreen. Wewe mwekundu, unatia kura yako. Yeye bluu, anatia yake. Moja toa moja. Bunge, tangu mfunge ndoa nyumba yenu haijapiga kura.

Si kwamba Cyril hakuwahi kuliwaza jambo hilo, aliwahi, usiku mmoja mmoja, akaligeuzia mgongo. Sasa limesemwa mchana mbele ya watu. Kila uchaguzi yeye ndiye anayepeleka vipeperushi vya wekundu mtaa wa juu wote, kule kwenye ngazi, mvua ikimshukia shingoni, mbwa wakimngoja nyuma ya matundu ya barua milangoni. Mara ya mwisho wekundu walikosa kiti cha Ramsclough kwa kura chache sana hata wakahesabu upya. Akarudi nyumbani amelowa na amevunjika moyo, na Muriel akampa supu. Alikumbuka supu ile. Ilikuwa nzuri mno, sasa aliitilia mashaka.

— Tena si wewe peke yako, — Kipenga aliendelea, maana alikuwa ameshapanda na hashuki. — Hawa wa kura ya maoni wanasema mtu mmoja anasimama badala ya maelfu. Ina maana kuna maelfu ya kina Muriel. Kila mmoja ana Cyril wake, anamfuta. Nusu ya nchi inaifuta nusu nyingine, halafu serikali inachaguliwa na wajane na vijana ambao hawajaoa.

— Ndiyo maana kura za maoni hukosea, — alisema Mkeka, na macho yalimwaka. — Wanamuuliza shemeji, shemeji mbele ya mgeni anasema njano kwa adabu. Nilipoteza madau yangu yote mara ile. Ni Muriel, jamani. Nchi nzima imepotoshwa na Muriel.

— Shikeni adabu, ni mke wa mtu, — alisema Bi. Noreen, lakini alikuwa ameacha birika lichemke bila kulizima.

Hapo ndipo yule mwenye kishikwambi alipotokea kwenye kona, kafunika kichwa kwa kofia ya koti, anatafuta chai. Alikuwa mwanamke wa makamo, Rukhsana kwa jina, kama kitambulisho kilivyosema, na lafudhi yake ilikuwa ya bonde la pili tu pale. Kipenga akasogea kumpisha kwenye benchi, jambo ambalo huwa hamfanyii mtu.

— Karibu mama, kaa. Pole na kazi. Umechelewa, ulibanwa na shemeji yetu?

— Tulizungumza vizuri, — alisema Rukhsana.

— Tunajua huruhusiwi kusema, — alisema Mkeka. — Hatukuombi useme. Kohoa tu. Mara moja ni nyekundu, mara mbili bluu.

— Nina mafua, baba. Nikikohoa mtaunda serikali ya mseto.

Wakacheka wote isipokuwa Cyril. Yeye alikuwa akikitazama kishikwambi kilichofungwa ndani ya mfuko wa Rukhsana, akiwaza kwamba mle ndani kuna kitu cha mkewe ambacho mama huyu anacho na yeye hana.

— Kwa nini siku ya kuzaliwa? — aliuliza. — Nilikuwa tayari mlangoni. Ungeniuliza mimi.

— Ndiyo maana hasa, mzee wangu, — alisema Rukhsana kwa upole. — Tukimuuliza kila anayefungua mlango akiwa tayari, tutapata nchi ya watu kama wewe tu. Maoni yenu tunayajua, mnayasema hata tukiwa tumesimama kituo cha basi. Tunatafuta wale ambao hakuna aliyewauliza.

— Mimi mwenyewe sijamuuliza, — alisema Cyril. Alishangaa kujisikia akisema. — Sijui mke wangu ni wa chama gani. Nataka kujua, binti yangu. Sidanganyi. Nimepanda ngazi zile na vipeperushi miaka mingi.

Rukhsana alipuliza chai yake. Alionekana kupima kipi ni cha kusema na kipi si chake.

— Chama tunakiuliza mwisho mwisho. Tunaanza na jingine, na swali lenyewe si siri, naliuliza kila nyumba. Siku hizi, ni jambo gani linakusumbua kuliko yote? — Akamgeukia. — Alivyonijibu siwezi kukuambia. Lakini wewe, ungekuwa unamjibia kama ulivyotaka, ungesema nini?

Cyril alifungua kinywa mara moja, kwa mazoea.

— Muriel? Bei za umeme. — Akasita. — Hapana, hiyo ni yangu. Hospitali. Anasumbuliwa na foleni za hospitali.

— Kwani anaumwa? — aliuliza Bi. Noreen.

— Sijui. Haumwi. Alikwenda wiki ile, alisema ni macho. — Akaikoroga tena chai. — Au ni dada yake. Huwa anakaa kwenye ngazi na simu.

— Na nani kwenye simu? — aliuliza Kipenga taratibu.

Cyril alitafuta. Angeweza kukutajia kila mbunge wa Ramsclough tangu alipokuwa kijana, na nani alimshinda nani. Alitafuta jambo moja linalomsumbua mkewe, na kila alilolishika lilikuwa la kwake. Aliona haya, na haya hiyo haikuwa na uhusiano wowote na nyekundu wala bluu. Alimtazama Kipenga, aliyekuwa akikagua kamba za viatu vyake. Akamtazama Mkeka.

— Usinitazame mimi, — alisema Mkeka. — Wangu aliondoka na jibu lake.

Cyril akasimama.

— Chai yako hujaimaliza, — alisema Bi. Noreen.

— Mzee, mimi sikusema kitu, — alisema Rukhsana, na wasiwasi ulimwingia usoni.

— Hukusema kitu, binti yangu. Umeuliza tu.

Akapandisha mtaa wake bila kuinua kola, akaingia kwa mlango wa nyuma. Muriel alikuwa akisuuza vikombe viwili. Hakugeuka.

— Umeshawahutubia? Wanasemaje huko?

Cyril alisimama mlangoni, kofia kichwani, maji yakimchuruzika kwenye zulia dogo la miguu. Njiani alikuwa amejiambia atamuuliza chama, mara moja, kisha yaishe. Chama hakikuja mdomoni.

— Muriel. Siku hizi, ni jambo gani linakusumbua kuliko yote?

Muriel alifunga bomba. Alifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akimtazama mumewe kama anayemsoma upya.

— Yule mama, — alisema, — aliponiuliza hivyo, alikaa chini kwanza.

Cyril akavua kofia, akavuta kiti.