Plagi Nne za Landrova ya Telesphori

Asubuhi ile kijiwe cha Ushirombo kilihamia uani kwa Telesphori, benchi na birika la kahawa vikiwa vimebebwa. Binti yake Anisia alikuwa anaolewa saa nne parokiani, na Landrova ya kumpeleka ilikuwa inakohoa tangu jana. Plagi mpya zilipatikana Mwanza, jambo la kumshukuru Mungu, maana tangu vita ya Uganda vipuri vilikuwa adimu kama sukari. Sasa, watu wa kijiwe kile hawana desturi ya kumtazama mwenzao akifanya kazi. Lazima kila mmoja atie mkono, la sivyo kahawa haimshuki. Walikuwa wanne, na plagi nne. Basi kila mtu akachomoa waya wake, akafungua plagi yake kwa spana, akafunga mpya kwa majigambo, waya zikarudishwa. Telesphori akawasha. Gari likapiga chafya, likatoa moshi, likazima.

— Betri hiyo, alisema Jilala, aitwaye Injinia kwa kuwa aliwahi kulinda geti la mgodi wa almasi.

— Betri vipi, Injinia, na stata inazunguka? aliuliza Telesphori.

— Inazunguka kwa hasira tu.

— Acha betri, alidakia Donatus, maarufu kwa jina la Redio. Plagi za Mwanza zimezoea hewa ya ziwa. Huku kwetu pakavu. Zipe muda zizoee.

— Muda gani, Redio? Padri anasubiri!

— Mimi naona ni wivu, alisema Masele, waliyemwita Polepole. Gari hili limempeleka huyu mtoto shule miaka yote. Linajua leo linamtoa nyumbani moja kwa moja. Ungekuwa wewe ungewaka?

Wakacheka, isipokuwa Telesphori. Kule parokiani ukoo wa bwana harusi ulikuwa umeshaketi, na mashangazi wa upande ule wana midomo. Aliona aibu hadi masikio yakamchemka. Mzee mzima, ameshindwa kumfikisha mwanawe kanisani!

Mlango ukafunguliwa, Anisia akatoka na gauni lake jeupe.

— Shikamoo baba. Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Anisia akainama kidogo juu ya injini, akishika gauni lisiguse grisi.

— Baba, kabla hamjazichomoa, kila waya ilikuwa kwenye plagi ipi? Zikipishana gari haliwaki.

Redio akamtazama Injinia, Injinia akamtazama Polepole.

— Ya kwangu ilikuwa nyeusi, alisema Injinia.

— Zote nyeusi, bwana! alifoka Telesphori.

Polepole aliinamisha birika juu ya kikombe, likatoa machicha matupu.

Anisia akavua viatu, akavishika mkononi.

— Twende kwa miguu, baba. Watatuona tunakuja.

Wakashika njia, wanakijiwe wakiwafuata kwa mbali, hoja zimewaishia. Telesphori alitaka kuomba radhi, akaishia kulalamikia vumbi la njia. Anisia alikuwa amemshika mkono, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu akiwa mdogo. Paa la kanisa lilipoanza kuonekana, mzee yule aliyekuwa na haraka asubuhi nzima alianza kupunguza mwendo.