Kumbe Mzee Msasa Ndiye Mwimbaji!

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwalimu wetu wa useremala anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Ofisi iliniomba niandike kwa utulivu, lakini jamani, mwezi mzima umepita na bado sijapona mshtuko.

Hapa kituo cha kurekebisha vijana tunamwita Mzee Msasa, na si kwa sababu ya mbao tu. Ulimi wake unakwaruza! Kijana akimwaga gundi kule karakana, hata mimi na wanafunzi wangu wa ushonaji, ng'ambo ya ukuta, tunainamisha vichwa. Hata hivyo, vitanda vyote vya mabweni vimetengenezwa na wanafunzi wake, na wengi wao leo wanajitegemea.

Kuna kanda moja ya nyimbo za injili ambayo vijana huipiga bwaloni kila jioni. Haina picha ya mwimbaji, ina jina la usanii tu. Wapo walioingia hapa na visu mifukoni, wakaishia kuikariri yote. Mzee Msasa alikuwa akipita akifoka wapunguze kelele. Tukadhani hapendi mambo ya dini.

Basi mwezi uliopita, kijana mmoja wa useremala alipata habari kwamba nyumbani hawamtaki tena. Akapanda mnara wa tangi la maji, akasema anajirusha. Mkuu wa kituo akabembeleza, mchungaji akaomba, mimi nikalia tu. Kijana akazidi kusogea ukingoni.

Mzee Msasa akatokea na aproni yake, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Akaimba. Loo! Sauti ile ile ya kwenye kanda! Mpishi aliangusha sufuria, wala hakuna aliyegeuka.

Mwisho wa ubeti akanyamaza. Kwenye kwaya, mwimbishaji haendelei mpaka aitikiwe, naye alitukataza kwa mkono tusiitikie sisi. Akasubiri. Roho mkononi sote. Kisha kutoka juu kikasikika kiitikio, chembamba, kimejaa kilio. Ubeti wa pili, kijana akaketi. Wa tatu, akaanza kushuka ngazi. Mzee akamkumbatia, halafu akamgombeza kwa kupanda huko bila viatu.

Tulipomuuliza kwa nini alijificha miaka yote hiyo, alisema vijana wasingepokea tumaini kutoka kinywa kile kile kinachowafokea kwa ajili ya gundi.

Hapo umekosea, Mzee wetu, na leo nakwambia hadharani. Kijana mwenyewe ameniambia alishuka kwa sababu aliyekuwa akimwimbia ni yule yule anayemgombeza kila siku. Akajua kumbe yupo mtu anayemtaka.

Asante, baba. Nenda salama, ule pensheni yako kwa afya njema, na ukiimba huko nyumbani, imba milango ikiwa wazi.