Kemilembe binti Karugendo na Wanawake wa Pipa Moja

Wachungaji, mashehe, wazee wa ukoo, majirani wa Kamachumu, na wageni mliotoka Bukoba mjini na visiwani, tunawaomba mketi, na walio juani wasogee migombani, kwa maana historia hii si fupi na marehemu mwenyewe aliagiza isikatwe. Inasomwa leo, Jumamosi tarehe 19 Oktoba 1957, na Bartholomayo Karugendo, kaka wa marehemu, karani mstaafu wa idara ya kilimo, na kila mahali jina hilo litakapotajwa humu, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu.

Marehemu Kemilembe alizaliwa hapa hapa Kamachumu, katika nyumba ya msonge iliyokuwa nyuma ya hii mnayoiona, mwezi Novemba mwaka 1904, siku haikuandikwa na mtu, ila mama yake alikuwa akisema senene walianguka kwa wingi hata mkunga akafika na kikapu chake kimejaa nusu. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Karugendo, wa kwanza akiwa Bartholomayo, na wa pili alifariki kabla ya kupewa jina, kwa hiyo hatutamtaja.

Alibatizwa katika kanisa la Kilutheri siku ya Krismasi mwaka 1914, akasoma shule ya misheni kwa miaka miwili, akajua kusoma, kuandika na kushona, mpaka vita vilipowaondoa walimu Wajerumani mwaka 1916 na shule ikafungwa. Ilipofunguliwa tena, baba yao alisema ana karo ya mtoto mmoja, akarudi Bartholomayo, na Kemilembe akabaki jikoni kwa mama yake, ambako alijifunza kazi iliyomlisha maisha yake yote, yaani kutengeneza akamwani, kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni mlangoni kabla hajaulizwa lililomleta. Wageni wa mbali wajue kwamba kahawa hii huchumwa ikiwa bado ya kijani, huchemshwa pamoja na majani ya harufu, huanikwa siku nyingi, kisha hufungwa katika maganda makavu ya mgomba, na kila mama mwenye mkono wake huifunga kwa fundo lake. Mama alikuwa na fundo la kugeuza mara mbili, na aliwafundisha watoto wake wote wawili, hata yule wa kiume.

Marehemu alifunga ndoa na Mushumbusi wa Nshamba, Jumamosi tarehe 14 Aprili 1923, wakajaliwa watoto wanne, wawili walitangulia mbele ya haki wakiwa wachanga, na waliobaki ni Rutashobya, aliyezaliwa mwaka 1924, na Mariamu, aliyezaliwa mwaka 1927, wote wawili wapo hapa. Bei ya kahawa ilipoanguka, gunia likawa halitoshi kulipia kodi ya kichwa, wanaume wengi wa Nshamba walivuka kwenda Buganda kutafuta vibarua, na Mushumbusi akaenda nao mwaka 1931, akarudi baada ya miaka miwili akiwa anakohoa, na akafariki tarehe 4 Februari 1934. Kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni, kilibaki kwa ndugu zake kama ilivyo desturi, na Rutashobya alibaki nao kwa kuwa ni damu yao, ila Kemilembe aliambiwa kwamba mjane anayekula bila kuzaa ni mgeni aliyesahau kuaga. Aliaga siku ile ile. Alimshika Mariamu mkono, akatembea mpaka Bukoba kwa siku mbili, akapanga chumba katika mtaa wa Bakoba.

Hapo ndipo inapoanzia kazi iliyowaleta wengi wenu hapa leo. Marehemu alikata pipa la mafuta nusu kwa nusu, akaweka nusu moja juu ya mafiga nyuma ya chumba chake, akawa anachemsha kahawa na kuiuza sokoni, gatini wakati wa meli, na kwa wavuvi wa kisiwa cha Bumbire, ambao hukaa ziwani siku nyingi na kahawa ndiyo inayowaweka macho, nao mara nyingi walimlipa kwa samaki. Jirani yake Asha binti Mustapha, ambaye mumewe alikuwa amemwacha na mkeka tu, alikuja kuomba moto, akakuta pipa halijai, akacheka, akasema, "Mama Mariamu, pipa kubwa namna hii kwa mwanamke mmoja, wewe unataka kumpika tembo?" Marehemu alimpa kikapu cha buni akamwambia ajaze mwenyewe.

Baada ya Asha alikuja Zabibu binti Saburi wa Kashai, na baada ya Zabibu alikuja Clotilda binti Kagaruki, msichana wa Muleba aliyekuja mjini na mtoto mgongoni, ambaye marehemu alimfundisha kila kitu kuanzia kuchagua majani. Pipa lilikuwa moja, lakini kila mmoja alikuwa na siku yake ya kulitumia, mkeka wake sokoni na fundo lake mwenyewe, ili mteja ajue amenunua kwa nani na sifa ya mmoja isiliwe na mwingine. Walikuwa na sharti moja tu, kwamba mkeka wa asiyekuwepo, awe mgonjwa, mzazi au mfiwa, utatandikwa kila asubuhi kama kawaida na mali yake itauzwa na wenzake, wala mtu mwingine asiukalie. Katika miaka ile, wanaume wenye maduka walipokuwa wakifunga milango, mikeka minne ya wanawake hawa haikukosekana sokoni hata siku moja.

Buni zilitoka nyumbani hapa Kamachumu, kila wiki, vichwani mwa wachukuzi.

Lakini sheria ya kilimo wakati ule ilikataza kuchuma kahawa kabla haijaiva ikawa nyekundu, ili ile inayopelekwa ng'ambo isiharibike sifa, na sheria hiyo haikuuliza kama kahawa inakwenda ng'ambo au inakwenda mdomoni mwa mgeni. Siku ya Jumatatu, tarehe 9 Mei 1938, Bwana Shamba wa wakati huo, ambaye amekwisha kurudi kwao na jina lake halitasomwa hapa, alifika Bakoba na askari wawili na karani wake, akakuta magunia matatu ya buni za kijani na vifurushi vingi vilivyokwisha kufungwa. Karani wake alikuwa Bartholomayo Karugendo.

Marehemu alikuwa peke yake uani, akasema mali yote ni yake. Bwana Shamba akamgeukia karani akamwuliza kama mwanamke mmoja anaweza kutengeneza yote hayo. Bartholomayo aliangalia vifurushi, akaona mafundo manne, moja likiwa la mama yake. Ingefaa aseme kwamba hajui. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa na walimu waliomchapa kwa kukosea jina katika orodha, na zaidi ya hilo, alikuwa mtu wa hapa, aliyezoea kuona wazee wakiutoza ukoo mbuzi na pombe, na kila mwanaukoo akibeba sehemu yake mpaka mzigo unakuwa mwepesi. Alifikiri kwamba kosa la watu wanne, likigawanywa kwa wanne, litamwachia dada yake robo. Akasema, "Si yake peke yake, Bwana," akafungua daftari, akaandika majina manne, kila mtu na baba yake, bila kosa.

Wanawake waliitwa kutoka sokoni. Asha alipoona kalamu ikitembea alisema kwa sauti, askari wakacheka, "Andika vizuri, Bwana Karani, mimi ni binti Mustapha, usije ukafunga Asha wa watu!" Kemilembe alimtazama kaka yake, kisha akajifunga kanga vizuri kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Hukumu haikugawanywa. Kila jina lilipewa kifungo cha siku ishirini na moja kamili, pipa lilitobolewa kwa sururu, na buni zilimwagwa ziwani. Clotilda alikuwa na mimba ya miezi saba, na alipotolewa tarehe 1 Juni alikuwa amevimba miguu, akajifungua tarehe 3 chumbani kwa Kemilembe, mtoto hakulia, na tarehe 7 Juni 1938 Clotilda binti Kagaruki alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka ishirini na mbili, akamwacha yule binti wa mgongoni, Benadetha, mwenye miaka minne.

Kesho yake baada ya maziko, marehemu alikwenda sokoni akatandika mikeka minne. Hawakuwa tena na kahawa, kwa hiyo Asha alikaanga maandazi, Zabibu alisuka vikapu, marehemu aliuza samaki wakavu wa Bumbire, na kutoka kwa kila mmoja kitu kidogo kiliwekwa juu ya mkeka wa Clotilda, kikauzwa, kikamlisha Benadetha. Mfanyabiashara mmoja alipotaka nafasi ile kwa kuwa mwenyewe amekufa, Zabibu, ambaye kwa kawaida ni mpole, alimwambia kwa heshima, "Waitu, kaa, lakini ukikaa utakuwa umemkalia maiti, na sisi tutakulilia hapo hapo mpaka jioni," na yule bwana akaondoka. Mkeka ule ulitandikwa hivyo kwa miaka kumi na moja, katika vita, katika mwaka wa njaa, na katika miaka ambayo nguo ya kuvaa ilikuwa haba kuliko chakula, mpaka Benadetha alipofikisha miaka kumi na mitano akaukalia mwenyewe, na yupo hapa, na mkeka ni wake.

Mwaka 1947 wanawake hawa walipewa kibali cha kuchemsha kahawa ya kutafuna, na barua ya maombi iliandikwa na Bartholomayo. Marehemu aliisoma mbele yake, akasahihisha jina moja la kijiji, akamshukuru, akampa chakula. Hakumpa kahawa. Tangu Mei 1938, kila mara Bartholomayo alipofika nyumbani kwa dada yake, alikaribishwa, alipewa kiti, alipewa ndizi na samaki, aliulizwa habari za watoto, lakini kile kifurushi kidogo anachopewa hata mgeni asiyejulikana, hakupewa kwa miaka kumi na tisa, na hakuuliza kwa nini. Katika miaka hiyo, wanawake waliofunguliwa njia na pipa la pili, lililowekwa baada ya kibali, ni kumi na saba, wengine wana vyumba vyao Kashai, wengine wamerudi Muleba na kununua mashamba kwa majina yao wenyewe, na marehemu hakumdai yeyote kitu ila kutandika mkeka wa mwenzake.

Marehemu alianza kuugua tumbo mwezi Agosti 1956, akatibiwa Bukoba, kisha hospitali ya misheni ya Ndolage, ambako alilazwa tarehe 2 Septemba mwaka huu, na madaktari wakasema ukweli kwamba ugonjwa umekwisha kuenea. Bartholomayo alimtembelea Jumanne tarehe 15 Oktoba, akamkuta Asha ameketi kando ya kitanda. Marehemu alisema, kwa sauti ndogo, "Kaka, siku yangu utasoma wewe, kwa sababu wewe ndiye unayejua majina. Usiache hata moja." Kisha akamwashiria Asha, naye Asha, bila kupenda, kama alivyoonyesha waziwazi usoni, akamtia Bartholomayo mkononi kifurushi cha kahawa chenye fundo la kugeuza mara mbili. Marehemu akaongeza kwamba asikifungue mpaka amalize kusoma, na kwamba si yeye peke yake mwenye haki ya kumpa kahawa ile, wenzake wa pipa nao wanayo. Alifariki Alhamisi tarehe 17 Oktoba 1957, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ndolage, waliomwosha na kumgeuza kama mama yao, wavuvi wa Bumbire walioleta samaki wa msiba huu, majirani wa Bakoba na wa Kamachumu, na wanawake wa soko la Bukoba, waliofunga biashara zao jana na leo lakini wakaacha mkeka mmoja umetandikwa, wa Kemilembe.

Limebaki jina moja. Siku ile ya tarehe 9 Mei 1938 hakuna aliyeuliza buni zile za kijani zilichumwa katika mibuni ya nani, marehemu alijua akanyamaza, na karani, aliyeandika majina ya wanawake wanne bila kosa, hakuliandika la tano, kwa kuwa alihofia kazi yake. Zilichumwa katika kibanja hiki mlichoketi ndani yake, kwa ruhusa ya mwenyewe, na mwenye kibanja, tangu Mzee Karugendo alipofariki mwaka 1929, ni Bartholomayo Karugendo.

Kifurushi ni hiki, hakijafunguliwa. Asha binti Mustapha, Zabibu binti Saburi, Benadetha binti Clotilda, ninyi ndio mtakaosema kama kitafunguliwa au kitateremka naye kaburini, na lolote mtakalosema litakubaliwa.

Na wewe, Kemilembe binti Karugendo, majina yamekwisha, pumzika kwa amani.